Ua Lililofuata Maji

Tangazo la kifo chake lilisomwa msikitini asubuhi kwa jina lake kamili: lake mwenyewe, la baba yake na la babu yake. Mtaani kwetu Katubuka hakuna aliyelitambua. Nilikuwa nimesimama gengeni nachagua nyanya, nikawasikia watu wakiulizana ni nani huyo. Mmoja alisema lazima ni mgeni aliyekuja kutibiwa akafia kwa ndugu zake. Mwingine alisema jina hilo ni la watu wa Ujiji, kwetu limetangazwa kwa makosa. Akapita dereva wa bodaboda anayeegesha Gungu, akapunguza mwendo na kusema bila kuzima pikipiki: "Ni Mzee wa Vigingi." Hapo wote wakasema aa, na mwenye genge akaongeza kwamba kweli siku za karibuni alikuwa amekonda. Mimi niliweka nyanya kwenye mfuko nikaondoka kabla hawajanigeukia. Jina hilo, Mzee wa Vigingi, nilimpa mimi. Nililiandika katika safu hii hii, wasomaji wangu wa siku nyingi watakumbuka, na wengi walinisifu kwa kulipata. Mtu amezikwa Ujiji kwa jina la baba yake, lakini Katubuka amebaki na jina langu. Leo nataka kueleza lilivyomfikia.

Niseme mapema kwamba kumbukumbu za marehemu huwa nazisoma kwa mashaka. Kila aliyekufa alikuwa mcheshi, alipenda watu, mlango wake ulikuwa wazi. Nikisoma hivyo najiuliza hawa wachoyo na wenye kununa tunaoishi nao wanakwenda kufia wapi. Huyu ninayemwandika hakuwa mcheshi. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa komeo hata akiwa ndani. Ukimsalimia "Shikamoo mzee" aliitikia, lakini alikuangalia mikono kwanza kama anayetaka kujua umebeba nini. Mimi na yeye hatukuwa marafiki. Tuliishi umbali wa nyumba tano kwa miaka mingi na ndani ya nyumba yake nimeingia mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo alikuwa amelazwa sebuleni amefunikwa shuka nyeupe.

Kazi yake ya ujana na ya utu uzima ilikuwa kushika mnyororo wa wapima ardhi. Mpimaji mwenyewe hutoka na darubini yake na kofia, akaandika namba kwenye daftari. Mshika mnyororo ndiye anayeingia kwenye miiba, ndiye anayevuka tope, ndiye anayesimama na fimbo palipo pabaya. Kazi hiyo ilimpitisha milima yote ya nyuma yetu huku, na alipostaafu alirudi na mguu mmoja usiokunjika vizuri, na maarifa ambayo mtaani yalitutisha. Alijua mawe ya mipaka yalipo. Alijua jiwe lililozikwa na tope tangu zamani liko hatua ngapi kutoka kwenye mwembe wa nani. Katika mji ambao nusu yetu tuna viwanja kwa karatasi ya mkono na ushahidi wa wazee wawili ambao mmoja keshafariki, mtu wa namna hiyo huwezi kumpenda. Unamsalimia, halafu unaangalia ukuta wako kama uko pale pale.

Kiwanja chake kilishuka hadi kwenye bwawa. Wasio wa Katubuka wajue kwamba tuna bwawa katikati ya makazi, na kwamba miaka hii maji yake yamekuwa yakitusogelea, kama vile ziwa lenyewe lilivyowasogelea wa pwani. Pembeni ya kiwanja chake kuna uwanja wa wazi wa mtaa, ambako watu huanika dagaa na kufunga mahema ya harusi, na ng'ambo ya uwanja ndipo anapokaa mama mmoja anayeuza juisi ya pesheni. Huyo mama ana chanja kubwa la pesheni lililozunguka nyuma ya nyumba yake yote, na juisi anaipeleka Gungu kwenye kijiwe cha bodaboda. Ameolewa akaachika, amesomesha watoto kwa pesheni hizo. Mkumbukeni, kwa sababu aliyepoteza zaidi katika habari hii ni yeye, na kwa sehemu ni kwa sababu ya kalamu yangu.

Basi yule mzee alianza kupanda ua fulani pembeni ya maji. Jina lake kwa Kiswahili silijui, na yeye mwenyewe aliliita "hili" tu. Ni ua la porini la huku huku kwetu, linalofika kiunoni, majani yake yana manyoya kama ulimi wa paka, na ua lenyewe ni la zambarau inayokaribia waridi, na katikati lina vijiti vya njano vilivyopinda kama ndoana. Halikuwa ua la kuuza wala la dawa aliyoijua mtu. Alilipanda kwa mstari. Mvua ya kwanza mstari ulikuwa ndani ya kiwanja chake. Mvua ya pili ulisogea hatua sita au saba na kona yake ikaingia kwenye uwanja wa mtaa. Mvua ya tatu ukasogea tena. Na mbele ya mstari, hatua chache chache, alichomeka vigingi vya mti vyenye kitambaa chekundu kwenye ncha.

Msomaji wa mji mwingine anaweza kucheka, lakini sisi tunajua kigingi chenye kitambaa chekundu kinakuja na nani. Kinakuja na gari, watu wenye karatasi, na baada ya miezi unaambiwa nyumba yako iko barabarani. Na tunajua pia kwamba mtu akitaka ardhi isiyo yake haanzi na ukuta. Huanza na mmea. Anapanda kitu kinachodumu, anakiacha watu wakizoee, akiulizwa anasema hivi ni vijimaua tu. Miaka inapita, maua yanakuwa uzio, uzio unakuwa tofali, na siku ya kesi anauliza ni nani mwingine aliyewahi kupatunza mahali hapa. Kwa Waha wa vijijini na kwa sisi wa mjini, aliyepanda ana neno la kusema. Kwa hiyo tulipoona mstari wa maua unatembea kuelekea uwanjani, ukitanguliwa na vigingi, na aliyeupanda ni mtu aliyeshika mnyororo maisha yake yote, hatukuhitaji kuambiwa na mtu. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Kulikuwa na nyuki weusi wanene waliokuwa wakizunguka pale mchana kutwa, wale wanaotoboa boriti za paa, na ikasemwa kwamba nyuki wale si wa kawaida, wanatumwa.

Mama wa pesheni ndiye aliyemkabili. Nilikuwepo. Alimkuta amechuchumaa matopeni akamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akabadilisha lugha ili sote tusikie.

"Babu, haya maua yako yanakwenda wapi?"

"Yanakokwenda maji."

"Na vigingi?"

"Navyo."

"Maji hayafungi kitambaa, babu."

Watu wakacheka. Yeye hakuinua kichwa, aliendelea kushindilia tope kwa vidole. Tuliondoka pale tukiwa na hakika zaidi kuliko tulivyokuja. Leo nikiyarudia yale maneno yake naona alikuwa amejibu kila kitu alichoulizwa, lakini wakati ule jibu fupi lilikuwa kwetu ushahidi.

Barua ya kwenda serikali ya mtaa niliiandika mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini hati yangu inasomeka, na mtaani kila barua ya malalamiko hupita mezani kwangu. Halafu nikaona haitoshi, nikaandika na safu. Sikumtaja. Niliandika juu ya "mzee wa vigingi" ambaye maua yake yana miguu, na nikasema tuwaogope wanaokuja na tofali lakini tuwaogope zaidi wanaokuja na maua. Nilijipenda sana kwa sentensi hiyo. Niliisoma mara tatu gazeti lilipotoka. Watu walinisimamisha njiani kunipa mkono, na sikumbuki kama kuna hata mmoja, pamoja na mimi mwenyewe, aliyejiuliza kama nimekwenda kumuuliza mwenye maua.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya usafi. Kwa kawaida siku ya usafi tunafagia mifereji na kuchoma taka, lakini safari hiyo tulielekea bwawani na majembe na mafyekeo. Hakuna aliyetoa amri, na ndiyo sababu hakuna anayeweza kulaumiwa peke yake. Tulisema tunaondoa magugu yanayozalisha mbu. Mimi nilikuwa na fyekeo. Tuling'oa vigingi vyote, vikachukuliwa kwenda kuwa kuni, na tukafyeka mstari kuanzia uwanjani kurudi nyuma, na hatukusimama kwenye mpaka wa kiwanja chake, tuliingia ndani na kumaliza. Wale nyuki weusi walizunguka vichwani mwetu lakini hawakuuma mtu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Tulipokuwa tunaondoka aliniita, mimi tu kati ya wote.

"Mwandishi, shina la mwisho umelisahau."

Nikageuka. Kweli, kulikuwa na shina moja lililobaki karibu na jiwe la kufulia, lina maua mawili. Nilidhani ananidhihaki. Nikarudi nikalikata.

Msimu uliofuata pesheni za yule mama zilichanua kama kawaida. Chanja lilikuwa jeupe na zambarau hata wapita njia walisimama kutazama. Kisha maua yakaanza kupukutika, yakaanguka bila kuacha tunda. Alimwagilia, akaweka samadi, akanyunyiza dawa aliyoshauriwa na mwenye duka, akamshuku muuza dawa, akamshuku shemeji yake, na mwisho akamshuku mzee: alisema amelipiza. Hakusema kwa siri. Kijiweni Gungu walianza kumtania kwamba juisi yake sasa ni maji yenye harufu. Alikuwa akinunua pesheni za watu wa vijijini ili asipoteze wateja. Mimi nilimwamini kwamba amelogwa, au niseme sikumkatalia, na nikaona hapo pana safu nyingine. Ndiyo iliyonipeleka kwa mzee kwa mara ya kwanza. Sikwenda kwa toba. Nilikwenda kutafuta mwendelezo.

Alifungua mlango nusu, akanitazama mikono. Nilikuwa na daftari.

"Umekuja kuandika au kuuliza?"

Nikasema kuuliza. Akasema basi liache daftari nje. Nililiweka juu ya kizingiti, akanipitisha hadi nyuma ya nyumba, na huko nikakuta ua lile lile, miche kama ishirini, ndani ya madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa katikati. Hakuniambia kaa. Hakuniambia alivyojisikia siku ile ya usafi, wala mimi sikuthubutu kuanzia huko. Nilimuuliza kwa nini aliniambia nimesahau shina. Alisema alitaka kuona kama nitauliza ni shina la nini.

Kisha akanionyesha, kwa ukavu ule ule, kama mtu anayekabidhi ofisi. Mbegu zake ni vumbi. Ukizimimina mkononi huzioni, unaona tu kiganja kimebadilika rangi, na ukipiga chafya umepoteza shamba. Huzichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, akazinyunyiza juu ya tope laini bila kuzifukia, maana zikifukiwa hazioti; zinataka mwanga. Maji hayamwagwi juu. Dumu lenye tope linatobolewa chini na kukalishwa ndani ya beseni la maji, tope linakunywa lenyewe kutoka chini. Juu anafunika kwa jani la mgomba lililoinuliwa kwa vijiti. Wiki nyingi hakuna kitu, halafu kijani kama ukoga, halafu majani mawili, manne, ndipo yanapohamishwa. Mbolea hapana, ukilinenepesha linatoa majani tu. Miguu yake iwe matopeni na kichwa juani. Likimaliza kuchanua unalikata kwa ukali, unaliachia kipande cha chini, linarudi na matawi mengi. Na kila mvua inapokaribia unatafuta mahali ambapo maji yatafika bila kulizamisha, kwa sababu hili halitaki maji ya shingoni, linataka maji ya visigino. Bwawa linapanda. Kwa hiyo alikuwa akihamisha mstari kila mwaka kufuata ukingo, na vigingi vilikuwa vipimo vyake: kila mvua alipima maji yalipoishia, akachomeka pale alipokadiria yatafika baadaye. Kitambaa chekundu ni kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Nilimwambia, kwa mashaka, kwamba angeweza kutumia kitambaa cheupe. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kuona kigingi chenye kitambaa cheupe. Ndiyo kazi aliyoijua.

Wakati tunasema hayo akaja nyuki mmoja mweusi. Mzee akanishika mkono wa shati, mara ya kwanza na ya mwisho kunigusa. "Sikiliza, atabadilisha sauti." Nyuki alikumbatia zile ndoana za njano, na ngurumo yake ikapanda ghafla ikawa nyembamba na kali kama uzi wa gitaa, ua zima likatetemeka, na unga wa njano ukamwagika tumboni mwake. Mzee alisema unga huo umefungiwa, hautoki mpaka utikiswe kwa sauti hiyo, na nyuki wadogo wa asali hawaiwezi. Na ni nyuki huyu huyu anayefaa kwenye pesheni, kwa kuwa ua la pesheni lina nafasi kubwa. Nyuki mdogo anapita chini, anachukua anachotaka na kuondoka bila kugusa panapotakiwa, lakini huyu mnene mgongo wake unagusa juu, na tunda linashika. Pesheni zinampa kinywaji. Hili linampa chakula, hasa miezi ambayo hakuna kingine. Ukiliondoa, anahama. "Mwambie mama yako wa juisi," alisema, "mimi sikumroga. Mlimroga mkiwa na mafyekeo."

Nilimuuliza kwa nini hakusema hayo tangu mwanzo, kwenye mkutano, mbele ya watu. Ndipo nilipopata habari iliyonikaa zaidi. Ua hili alilifahamu akiwa na mnyororo. Huko milimani wakiliona walisimama, kwa sababu lilikuwa alama kwamba chini kuna maji na ukikanyaga unazama. Mpimaji alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye darubini yake, weka jiwe hapo, naye anajibu hapana, hapa pana ua. Jiwe la mpaka haliwekwi matopeni, litahama. Kwa hiyo kati ya mimea yote ya nchi hii tulichagua kumwita mwizi wa mipaka kwa ule mmoja ambao kazi yake maisha yote ilikuwa kumwambia mahali ambapo mpaka hauwezi kukaa. Na kuhusu kunyamaza, alisema aliwahi kumwonyesha mtu mmoja mwenye gari chemichemi alikolitoa ua hili, kwa kuwa mtu huyo aliuliza vizuri na kuandika. Aliporudi mwaka mwingine chemichemi ilikuwa imechimbwa kama imepitiwa na nguruwe, hakuna shina. Tangu hapo yeye humwogopa anayeuliza vizuri kuliko anayetukana. Hakuniambia chemichemi iko wapi. Nilijaribu kuuliza, akageukia madumu yake.

Alinipa mbegu, hata hivyo. Kiasi cha kushika kwa vidole viwili, ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema nisipopanda nimrudishie.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilitoka pale najua kila kitu, na sikuandika. Nilichukua daftari langu kizingitini likiwa tupu, nikaenda nyumbani, nikaandika safu juu ya bei ya sukari. Wiki iliyofuata nikaandika juu ya kitu kingine. Nilijiambia nangoja wakati mzuri, kwamba watu wakiona nimegeuka ghafla watasema nimenunuliwa, kwamba mzee mwenyewe hakuniomba nimsafishe. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba ile sentensi ya maua na tofali watu walikuwa bado wanainukuu, nami nilikuwa bado napenda kuisikia. Karatasi ya mbegu niliitia kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha. Mzee alipanda tena mstari wake mdogo, ndani ya kiwanja tu, na akachomeka kigingi kimoja upande wa uwanja, karibu na chanja la yule mama. Hakuna aliyeking'oa, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakiweka kama ushahidi wa baadaye. Misimu miwili ikapita hivyo.

Siku ya kuanua matanga nilifika mapema. Nilimkuta mpwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Ujiji na jamaa zake, akivuta futi ya kupimia kutoka ukutani kuelekea uwanjani, anasoma namba kwa sauti. Moyo wangu ulisema: tazama, damu yake, hata hajapoa kaburini. Nikasogea kuuliza. Alikuwa anapima kama turubai litatosha watu. Nilirudi kukaa na aibu yangu. Nimemjua marehemu yule, nimeelezwa kila kitu na yeye mwenyewe, na bado mashaka yangu yalikuwa yameamka kabla sijamaliza kusalimia.

Baada ya dua msemaji wa familia alisema maneno yanayosemwa siku kama hiyo, kwamba kama kuna mwenye dai lolote kwa marehemu, la mali au la neno, aseme sasa ili apumzike. Kwa kawaida watu huinamisha vichwa na kikao kinaendelea. Yule mama alisimama. Alirekebisha khanga begani na kusema hana dai la mfukoni. Ana dai la kigingi. Marehemu ameacha kigingi pembeni ya nyumba yake, warithi wamekuja, kesho watagawana, na mtu asiyejua atakisoma kile kama mpaka. Nyumba ile ndiyo aliyo nayo. Anaomba king'olewe leo, mbele ya watu hawa wote, na wenye kiwanja waseme kwa midomo yao kwamba hawana kitu upande ule. Watu wakaguna kukubali. Hata mimi nilijua anachosema ni haki. Angekuwa mjinga kutokusema. Mpwa aliangalia wazee wake, nao wakaangaliana, na kwenye nyuso zao nikaona jambo baya zaidi: nao walikuwa wameanza kujiuliza kama kweli kile ni mpaka, na kama mjomba wao alikuwa na haki ya kufika kule au alikuwa mwizi.

Nikasimama. Mimi si msemaji, ndiyo maana naandika. Nilisema kile si mpaka, ni kipimo cha maji. Nilisema ile barua niliandika mimi na ile safu niliandika mimi, na zote mbili niliandika bila kuuliza. Nikaeleza juu ya nyuki na pesheni kwa maneno machache, nadhani niliyaeleza vibaya. Mama alinisikiliza hadi mwisho bila kunikata.

"Ulijua lini?"

"Mwaka juzi."

"Kwa hiyo pesheni zangu zilipokuwa zinapukutika wewe ulikuwa unajua."

"Ego," nilisema, kwa Kiha, kwa sababu "ndiyo" ya Kiswahili haikutoka.

Hakunitukana. Ningepata nafuu kama angenitukana. Kutoka nyuma ya turubai mtu alisema, si kwa sauti ndogo: "Huyu kashaahidiwa kipande." Na watu wengine wakaguna, mguno ule ule wa kukubali. Sikumwona aliyesema. Nilielewa hapo hapo kwamba hana kosa. Mtu aliyeandika kwamba mzee ni mwizi, halafu baada ya mzee kufa, mbele ya warithi, anasimama kumsafisha, mimi mwenyewe ningemwandika.

Tulikwenda wote kwenye kigingi. Mpwa alikishika tayari kukivuta, na msemaji wa familia akasema kwa sauti kwamba wao hawadai kitu upande huu. Mama akamwambia mpwa aache kwanza. Aliinama akatazama kitambaa, kimefifia kimekuwa rangi ya ngozi. Aliangalia bwawa, akaangalia chanja lake, akahesabu kwa macho. Kisha akasema: "Wameshasema mbele ya watu, inatosha. Kibaki mpaka mvua. Maji yakikifikia, mzee alikuwa mkweli. Yasipokifikia, nitaking'oa mwenyewe na huyu mwandishi atakula maneno yake." Wakakubaliana hivyo. Kigingi kipo hadi ninapoandika, na mvua bado.

Nimewaza sana tangu siku ile, na sitaki kuwadanganya kwamba nimeacha kushuku. Mashaka yametuokoa mara nyingi. Mji huu umeona karatasi za uongo na vigingi vya kweli, na aliyeviamini vyote leo amepanga chumba. Sitamwambia yule mama aache kulinda nyumba yake, na yeye ndiye aliyefanya kwa mashaka yake kile ambacho mimi sikufanya kwa yangu: aliyatoa nje, akayasema mbele ya wenyewe, akayawekea siku ya kupimwa. Mimi niliyaweka kwenye gazeti, mahali ambapo mshukiwa hawezi kujibu na mwenye kushuku anapewa mkono. Na nilipopata jibu nikalificha droo moja na betri. Marehemu naye hakuwa bila kosa. Angeweza kufungua mlango zaidi ya nusu. Lakini yeye aliniambia niliache daftari nje niingie, na ninaona sasa kwamba kwa mtu aliyeporwa chemichemi yake, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Baada ya matanga nilitoa ile karatasi. Nilikata dumu, nikachota tope la bwawani, nikachanganya vumbi lile na mchanga, nikanyunyiza bila kufukia, nikalikalisha kwenye beseni na kuliwekea jani la mgomba. Nimeliweka mbele ya nyumba, upande wa njia, siyo nyuma. Ni wiki nyingi sasa. Kuna ukijani umetokea, na kusema kweli nao naushuku. Huenda ni ukoga tu, huenda mbegu zilishakufa kwenye droo. Juzi jirani yangu mmoja, mwenzangu wa ile siku ya mafyekeo, alisimama njiani akalitazama dumu, akalitazama na ukuta wangu, akauliza kwa kicheko kisichofika machoni: "Na wewe, ndugu mwandishi, umeanza kusogeza nini?" Nilikuwa na jibu fupi mdomoni, zuri, la kuandikika. Nikalimeza. Nikamwambia aingie nimweleze, nikamfungulia mlango wote.